Lango la mbali: kuhudumia mitambo ya mteja bila kumwachia mlango wazi

Kampuni za ufundi za Dar es Salaam siku hizi hazifungi kifaa na kuondoka. Zinafunga kamera Mikocheni, vidhibiti vya majenereta kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere, vyumba vya baridi Kurasini, inveta za sola Kigamboni, halafu zinabaki na jukumu la kuvitunza. Mteja akipiga simu saa tatu usiku kwamba joto la chumba cha samaki linapanda, fundi anayeishi Kimara hawezi kuivuka Dar nzima kwenda kubadilisha namba moja kwenye kidhibiti. Atafungua laptop na kuingia kutoka hapo alipo. Wengi wanafanya hivyo kila siku, na wengi wao wanapita njia inayomweka mteja hatarini bila mwenyewe kujua.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuingia salama kwa kupitia lango la mbali, yaani kituo kimoja cha kati ambapo fundi na vifaa vya wateja wanakutana. Mafundi tukikaa kulizungumzia jambo hili, mara nyingi tunaishia kuulizana VPN, yaani handaki la siri la data ndani ya intaneti, ipi ni nzuri. Upande huo, wa kuificha data inapokuwa njiani, una majibu mazuri tena ya bure. Kigumu ni ruhusa: nani afike kwenye kifaa gani, kwa muda gani, na nani ana uwezo wa kuifunga njia. Lango linalosimba data vizuri huku likimwachia kila fundi afike kila mahali linaweza kuleta maafa makubwa kuliko kutokuwa na lango kabisa, kwa sababu limewafunga wateja wote kwenye kamba moja.

Kwa nini kifaa hakifikiki kirahisi

Kifaa kilichoko ndani ya mtandao wa mteja hakina anwani inayojulikana nje. Rauta inakipa anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168 au 10. Anwani hizo zilitengwa rasmi mwaka 1996 zitumike ndani tu, ndiyo maana ofisi nyingi mno duniani zina kifaa chenye 192.168.1.10 ileile. Mwenye anwani ya nje ni rauta, na inawasemea wote waliomo. Kwa wateja wanaotumia laini ya simu kuna tabaka la pili: mtandao wa simu nao unaweza kuwaweka wateja wake wengi nyuma ya anwani moja. Liko hata fungu la anwani lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ukifungua ukurasa wa rauta na kukuta kile kinachoitwa anwani ya nje kimeangukia humo, basi ujue kuna rauta nyingine kubwa mbele yako ambayo huna mamlaka nayo.

Mpangilio huu unafanana na taasisi yenye S.L.P. moja. Barua ya kutoka inaondoka bila shida, na jibu lake likirudi karani anamkumbuka aliyeandika. Barua inayokuja bila kutarajiwa, ikiwa na namba ya sanduku tu, karani hajui ampe nani. Rauta nayo inakumbuka mawasiliano yaliyoanzia ndani, na kinachokuja kutoka nje bila kuitwa inakitupa.

Kwa kukwepa kizuizi hicho, watu wamezoea njia mbili za mkato.

Ya kwanza ni kufungua poti, yaani mlango wenye namba: unaiambia rauta kwamba chochote kinachogonga poti fulani kipelekwe kwenye DVR, kile kinasa picha za kamera. Kuna rauta ambazo hazisubiri hata kuambiwa. Zina UPnP, na kifaa cha ndani kinajifungulia poti chenyewe bila mtu yeyote kuulizwa. Ubaya wa njia hii ni kwamba poti haichagui mgongaji. Shodan, injini inayotafuta vifaa vilivyoachwa wazi kwenye intaneti, ipo tangu mwaka 2009, na kuhamisha DVR kutoka poti 8000 kwenda 48213 hakuifichi. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai haikuhitaji maarifa makubwa. Ilizunguka intaneti ikigonga poti za Telnet (njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa amri), 23 na 2323, na kujaribu orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani. Kamera, DVR na rauta kwa malaki zikaingia kwenye jeshi lake, na tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo likaiangusha Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za namba, Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa masaa. Wenye zile kamera hawakuhisi chochote. Waliendelea kutazama picha za maduka yao kama kawaida.

Ya pili ni AnyDesk na programu za aina yake, za kuendesha kompyuta ya mtu kutoka mbali. Inaanza kwa simu:

“Bosi, fungua AnyDesk kwenye kompyuta ya kaunta, unisomee ile namba.”

“Haya fundi, andika…”

Kwa dharura ya mara moja, mteja akiwa ameketi mbele ya kioo anaona kila kinachofanyika, sina ugomvi na njia hii. Ugomvi wangu unaanza pale inapogeuzwa kuwa ya kudumu, kwa nenosiri lisilobadilika na kompyuta inayoachwa inawaka usiku kucha. Fundi aliyekuja kuangalia kidhibiti cha jokofu sasa anafika kwenye mahesabu ya mauzo, barua pepe na mafaili ya mishahara. Tena njia nzima inapita kwa mtu wa kati. Mwezi Februari 2024 AnyDesk wenyewe walitangaza kwamba mifumo yao imeingiliwa, wakafuta vyeti vyao vya usalama na kuwataka watumiaji wa tovuti yao wabadili manenosiri. Kampuni yoyote ya kati inaweza kupatwa na hilo. Unapoichagua, ujue unaikabidhi funguo za wateja wako.

Kifaa kinapiga, hakipigiwi

Lango la mbali linageuza mwelekeo. Kwa mteja kunawekwa kijisanduku kidogo, aidha kompyuta ndogo au rauta ya viwandani yenye laini yake, na chenyewe ndicho kinachotoka nje kwenda kuitafuta seva ya lango. Kwa kuwa mawasiliano yameanzia ndani, rauta ya mteja inayakubali, na ile rauta kubwa ya mtandao wa simu nayo inayakubali. Hakuna poti inayofunguliwa upande wa mteja. Fundi naye anatoka kwake kwenda kwenye seva ileile, anathibitishwa yeye ni nani, kisha seva inamuunganisha na kile alichoruhusiwa.

Njia ya zamani ya kufanya hivyo ni SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa njia iliyosimbwa, iliyotengenezwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland baada ya manenosiri kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. SSH inaweza kujenga handaki la kinyume: kijisanduku kinaingia kwenye seva, na seva inapata njia ya kurudi. Inafanya kazi, ila ikikatika inahitaji kitu cha kuiinua tena, na vijisanduku vikifika makumi usimamizi wake unachosha. Siku hizi wengi wanatumia WireGuard, VPN ya Jason Donenfeld, iliyoingia rasmi kwenye Linux toleo 5.6, Machi 2020. Kila upande una jozi ya funguo, ya siri na ya hadharani. Asiyekuwa na ufunguo unaotambulika hajibiwi hata kwa kukataliwa. Anayechungulia poti kutoka nje anakuta kimya, hajui kama kuna kitu.

Rauta husahau mawasiliano yasiyotumika, hivyo kijisanduku lazima kiikumbushe. Kwenye WireGuard kawaida ni kutuma pakiti tupu kila sekunde 25. Mteja anayelipia bando atauliza gharama, na ni haki yake. Pakiti hiyo ni baiti 60 hivi. Ukijumlisha na kubadilishana funguo kunakofanyika kila baada ya dakika mbili, kwa mwezi haifiki MB 20. Bando linamalizwa na picha: kamera moja inayotiririsha Mbps 2 inakula MB 900 kwa saa. Kwa hiyo ukitaka kuangalia kamera kupitia laini, chukua picha moja moja au punguza ubora, usiache video inatiririka.

Liko tatizo la kiufundi ambalo mafundi wengi wanalihangaikia bila kujua chanzo chake. Umeme umekatika, umerudi, kijisanduku kimewaka, taa zote zipo, lakini handaki halirudi. Kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu hazina betri ya saa, kwa hiyo zikizimika zinaamka na saa ya nyuma. WireGuard huweka muda kwenye ombi lake la kwanza, na seva inakumbuka muda mkubwa kuliko yote iliyopokea kutoka kwa ufunguo huo. Ombi lenye muda wa nyuma inalichukulia kama mtu anayerudia pakiti ya zamani aliyoinasa, inalikataa kimyakimya. Huo ni ulinzi, na unafanya kazi yake sawasawa. Dawa yake ni kijisanduku kisahihishe saa kutoka intaneti kabla hakijapiga handaki, na seva ya saa isiwe ile inayofikika kwa kupitia handaki lenyewe. Ukiagiza vijisanduku, nunua vyenye saa yenye betri. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na safari moja ya Mbagala.

Seva ya lango iwekwe wapi? Wengi wanakodi Ulaya kwa kuwa ni rahisi kulipia kwa kadi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ya Tanzania na majirani ikayumba vibaya. Siku kama hiyo, fundi wa Kariakoo na chumba cha baridi cha Kurasini wako kilomita chache mtu na mwenzake, lakini kama lango lao liko Frankfurt hawaonani. Trafiki ya hapa nchini ina mahali pa kukutania, kituo cha kubadilishana cha TIX hapahapa Dar, na vituo vya data vya kukodi seva vipo. Kwa wateja wa Dar, lango liwe Dar, na la akiba liwe nje. Nitarudi kwenye hili, maana sheria nayo ina neno.

Kuna mgongano mwingine ambao hauepukiki. Duka la dawa la Sinza lina 192.168.1.0, na kiwanda cha Tegeta kina 192.168.1.0. Fundi akiandika 192.168.1.50, lango limpeleke wapi? Usimlazimishe mteja kubadili anwani zake zote, atakuchukia na printa zitakufa. Mpe kila mteja fungu lake ndani ya lango, tuseme 10.77.5 kwa Sinza na 10.77.6 kwa Tegeta, kisha kijisanduku cha kila mmoja kitafsiri moja kwa moja: 10.77.5.50 iwe 192.168.1.50 ya Sinza. Andika orodha hiyo mahali pamoja. Fundi akikosea namba moja usiku, atakuwa anabadilisha joto la mteja asiye wake.

Ruhusa

Mwishoni mwa mwaka 2013 kampuni ya maduka ya Target, Marekani, iliibiwa taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40. Wezi hawakuanzia kwa Target. Walianzia kwa mkandarasi wake wa majokofu na viyoyozi, kampuni ndogo ya Pennsylvania, wakanasa nenosiri lake. Akaunti hiyo haikuwa hata ya kuendesha viyoyozi. Ilikuwa ya kutuma ankara na kushughulikia mikataba. Ila mtandao wa ndani haukuwa na kuta za kutosha, na kutoka hapo wakasogea hadi kwenye mashine za kulipia madukani. Kila nikizungumza na wenye kampuni ndogo za ufundi hapa mjini huwa nawaeleza kisa hiki, kwa sababu wengi wanadhani hakuna mwizi atakayejisumbua na kampuni ya mafundi sita. Mwizi anaijali sana kampuni hiyo. Ndiyo yenye funguo za kampuni kubwa.

Tuchukue kile chumba cha baridi cha Kurasini, tukiangalie kwa karibu. Kidhibiti chake kina anwani 192.168.1.50 na kinazungumza Modbus, lugha ya mitambo ya viwandani, kwenye poti 502. Modbus ilitengenezwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 kwa ajili ya mitambo iliyounganishwa kwa waya ndani ya kiwanda, na haijui nenosiri ni nini. Yeyote anayefika inatii amri zake, awe fundi, awe mtoto wa jirani aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi ya ofisi. Amri namba 3 na 4 zinasoma. Namba 6 na 16 zinaandika. Kwa kifaa cha namna hii ulinzi wote unabaki mikononi mwa lango.

Jambo la kwanza ni kuuliza kama kuna haja ya kuingia. Mara nyingi fundi anataka tu kujua joto. Kijisanduku kinaweza kusoma joto kila dakika kwa amri namba 3 na kuipeleka namba hiyo juu, ikaonekana kwenye ukurasa, na ikivuka kiwango simu ikalia. Namba inapanda kwenda juu, na hakuna anayeshuka. Ukitenganisha kutazama na kuingia, safari za kuingia zinapungua sana, na kila moja inayobaki inakuwa na sababu inayoelezeka.

Zile zinazobaki ziwe nyembamba. Ndani ya kijisanduku weka kanuni kwamba kinachotoka kwenye handaki kinaruhusiwa kufika 192.168.1.50 kwenye poti 502, na kwingine kote hapana: si printa, si kompyuta ya kaunta, si kamera. Fundi wa zamu apewe programu ya kati inayopitisha amri za kusoma tu. Za kuandika ziwe za msimamizi. Hapa watu wengi hujichanganya na WireGuard. Kile kipengele chake cha AllowedIPs kinasema ufunguo gani ni wa anwani zipi, basi. Hakichagui poti, wala hakijui tofauti ya kusoma na kuandika. Kanuni hizo unaziandika kwenye kinga ya Linux, nftables au nyingineyo, na usipoziandika handaki lako ni barabara wazi iliyosimbwa.

Upande wa seva kuna kanuni moja ambayo isipokuwepo mengine yote hayasaidii: mteja asifike kwa mteja. Seva inayounganisha mahandaki mengi, ikiwashwa kupitisha pakiti na kuachwa hivyo, inawafanya wateja wote wawe majirani kwenye mtandao mmoja. Kirusi kilichoingia kwenye hoteli ya Masaki kinashuka hadi zahanati ya Gongo la Mboto, na aliyewajengea daraja ni wewe. Zuia yote kwanza, kisha ruhusu moja moja. Na usiamini kanuni kwa kuisoma. Keti kwenye kijisanduku cha mteja mmoja ujaribu kumfikia mwingine.

Kisha kuna watu. Akaunti ya pamoja inayoitwa “fundi”, yenye nenosiri linalojulikana hadi na waliokwishaacha kazi, ndiyo ugonjwa mkubwa kuliko wote hapa mjini. Kila mtu awe na akaunti yake na hatua ya pili ya uthibitisho, msimbo wa kwenye programu unaobadilika kila sekunde 30 au, vizuri zaidi, ufunguo wa USB. SMS niiweke ya mwisho, kwa sababu laini inaweza kuhamishwa kwa ulaghai. Mwezi Mei 2021 Colonial Pipeline, bomba kubwa la mafuta Marekani, lilisimama kwa siku kadhaa baada ya wahalifu kuingia kwa akaunti ya zamani ya VPN. Akaunti haikuwa ikitumika tena, wala haikuwa na hatua ya pili. Mkuu wa kampuni aliieleza Seneti hivyo mwezi uliofuata, na fidia waliyowalipa wahalifu ilikuwa dola milioni 4 na ushei.

Ruhusa iishe yenyewe. SSH ina vyeti vya muda, vilivyopo kwenye OpenSSH tangu mwaka 2010: fundi anapewa cheti cha saa mbili, na zikiisha hakifungui kitu hata kikiibiwa. Kwenye mahandaki unaweza kuandika kanuni yenye muda wa mwisho. Mimi napendelea lango ambalo kwa kawaida yake limefungwa, na linafunguliwa mteja anapobonyeza kukubali kwenye simu yake: nani anaomba, kifaa kipi, dakika ngapi. Mafundi wanalalamika kwamba mteja amelala. Basi mkubaliane mapema nani wa upande wake anapokea usiku, kama mlivyokubaliana nani ana funguo za stoo. Na pale kijisanduku kilipo, weka swichi iliyoandikwa kwa Kiswahili kikubwa, ili mlinzi au mama wa usafi akiambiwa “zima ya mafundi” ajue ni ipi. Mteja asiyeweza kukutoa kwenye mtandao wake hajakupa ruhusa, amekuachia tu.

Kumbukumbu za kila kuingia zitunzwe, na nakala ziende kwa mteja bila yeye kuomba. Kitu kikiharibika usiku, swali la kwanza litakuwa nani aliingia, na kumbukumbu ndizo zitakazomtetea fundi asiyehusika.

Lango lenyewe nalo linalindwa

Seva inayofikia wateja wote ndiyo tunu ya kwanza kwa mwizi. Septemba 2021 majina na manenosiri ya VPN kutoka vifaa 87,000 vya Fortinet, kampuni ya vifaa vya ulinzi wa mitandao, yalimwagwa mtandaoni. Tundu lililotumika lilikuwa limezibwa na mtengenezaji tangu mwaka 2019. Waliochelewa kusasisha waliibiwa, na waliosasisha bila kubadilisha manenosiri yaliyokwisha kunaswa nao walibaki wazi. Kwa hiyo anayeendesha lango lazima awe na mtu ambaye kusasisha ni kazi yake, na siku yake ijulikane. Kama kampuni yako haina mtu huyo, kodi huduma kwa wanaoifanya kazi hiyo, kisha uwabane kwa maswali haya haya.

Kijisanduku kilichoko kwa mteja kinaweza kuibiwa, mara nyingi kwa sababu ya laini iliyomo yenye bando. Ufunguo wa siri unaondoka nacho. Ndiyo maana kila kijisanduku kiwe na ufunguo wake: kikiibiwa unaufuta mmoja, wengine hawaguswi. Laini nayo ina swali lake. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ukamilike mwaka 2020, kila laini ina mwenyewe. Laini iliyomo kwenye kijisanduku cha mteja imesajiliwa kwa vidole vya nani? Nikiuliza swali hili najibiwa kwa jina la kijana fulani aliyekuwepo siku ya kufunga. Akiacha kazi, laini ni yake kihalali. Isajiliwe kwa jina la kampuni, kwa utaratibu wa kampuni.

Upande wa sheria kuna mambo matatu ya kukaa nayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa, na kwamba uliufunga wewe si ruhusa. Pata maandishi yanayotaja vifaa gani, kwa kazi gani, hadi lini. Pili, tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni zinazotumia VPN katika shughuli zao wawasilishe taarifa zake, ikiwemo anwani ya IP, kufikia tarehe 30 ya mwezi huo, kwa kutumia Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020. Handaki la WireGuard ni VPN. Kampuni inayojenga lango leo iwasiliane na TCRA kabla ya kulisambaza kwa wateja. Tatu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa kamera moja kwa moja, kwa kuwa sura ya mtu inamtambulisha, na inaweka masharti ya kuzipeleka taarifa nje ya nchi. Namba ya joto la samaki inaweza kulala Frankfurt bila shida. Rekodi ya kamera ya mapokezi ya zahanati ni kitu kingine kabisa. Ndiyo sababu ya pili ya kuliweka lango hapa nyumbani.

Mkataba ukifika mwisho, kazi ya kufunga ina mpangilio wake. Ufunguo wa kijisanduku unafutwa kwenye seva kwanza, halafu akaunti za mafundi kwa mteja huyo, halafu kijisanduku kinang'olewa na laini yake inafungwa. Manenosiri ya vidhibiti na DVR yanabadilishwa na mteja mwenyewe, fundi akiwa pembeni kumwelekeza bila kutazama anachoandika. Kabla ya kutia sahihi malipo ya mwisho, mteja aombe aonyeshwe kwenye kioo ile orodha ya ruhusa yenye jina lake, na aione haina mtu.